Gunia la Dirishani

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza kwa fujo, bati linapigwa tangu asubuhi, na mimi siwezi kukaa bila kushika kitu. Nimelitoa daftari la josho kabatini. Marehemu mume wangu, Nikolaus, alikuwa karani wa josho hapa Kisaka. Alipofariki nikaishika kalamu yake, nikaandika ng'ombe wa watu walioogeshwa, wiki baada ya wiki, miaka tisa. Josho limekufa. Siku hizi kila mtu ananyunyizia ng'ombe wake dawa kwa bomba la mgongoni. Lakini kurasa zimebaki, na mkono wangu ukikosa kalamu unawasha.

Basi niandike ya nyumbani. Mwaka jana nilioa. Ndiyo, mimi Bernadetha, mjane wa miaka hamsini na nane, nilitoa ng'ombe nikaoa nyumba ntobhu kama walivyofanya bibi zetu: msichana anakuja kwako, anazaa, na watoto wanaitwa wa mume wako aliyekufa. Mabinti zangu watatu wako kwa waume zao. Wa kiume sikujaliwa, na bila mtoto wa kiume shemeji yangu Nyamhanga atalima mpaka mlangoni kwangu siku nikifumba macho. Mwinjilisti alininunia mwezi mzima. Akanuna, akachoka.

Msichana mwenyewe ni Judith, wa Genkuru, kwenye machimbo ya dhahabu ng'ambo ya Mto Mara. Ana miaka ishirini na tatu na tumbo la siku zozote. Mkimya mno. Nikimwagiza: "Sawa mama." Nikimgombeza: "Sawa mama." Natamani siku moja anijibu vibaya nijue kama yumo.

Nyamhanga alipita, akanywa uji wangu vikombe viwili. Nikamchokoza, nikamuuliza kama hataki kujua mimba hii imetoka wapi. Akacheka. "Shemeji, nilisema mbele ya wazee na leo narudia. Ng'ombe wakishaingia kwa wakwe, alichozaa msichana ni cha nyumba yako. Hatuulizi kimetoka wapi." Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyatamka, maana bwana huyu ni msahaulifu panapomfaa.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nyani wamefukua mahindi niliyopanda juzi. Nimepanda tena.

Jumatano, 13 Machi

Wa kiume! Saa tatu asubuhi, zahanati, kilo tatu kasoro kidogo. Nilipiga vigelegele mpaka mhudumu akaniomba nitoke nje, nikaenda kupigia nje. Anaitwa Nikolaus, na nani alikuwa na shaka.

Alhamisi, 14 Machi

Wamerudi nyumbani. Dirisha la chumba chao nimelizibia gunia, misumari sita. Kwetu mzazi na kichanga wanakaa gizani mpaka kitovu kianguke: upepo usimpige, macho ya watu yasimguse. Mabinti zangu wote niliwakuza hivyo na hakuna aliyekohoa.

Ijumaa, 15 Machi

Judith ameomba amtoe mtoto mlangoni kidogo. Nimekataa.

Jumamosi, 16 Machi

Ameomba tena. "Nimwone vizuri tu, mama."

"Una taa."

Taa ni ya sola, betri imechoka, na mwanga wake umefifia. Akasema taa hiyo haionyeshi kitu. Mimi nikaona ni maringo ya mtu wa migodini, aliyezoea mataa. Siku nzima nimezunguka uani bila sababu. Mvua inaacha, inarudi, inaacha.

Jumapili, 17 Machi

Nimetoka kanisani nikiwa nimepongezwa na kila mtu, hata mwinjilisti. Nafika nyumbani, nakuta gunia limeng'olewa pembe moja, Judith amesimama kwenye upenyo, mtoto mikononi. Anamkandamiza pua kwa kidole gumba, anaachia, anaangalia. Anakandamiza tena.

"Wewe! Unamfanyia nini mtoto?"

"Namwangalia rangi, mama."

"Rangi gani? Kwenu watoto wanaanikwa kama mihogo?"

Hakujibu "sawa mama". Nikamwambia kwamba huyu si wake peke yake, ni mtoto wa nyumba hii, na asiyejua kulea aulize. Nikaleta nyundo nikapigilia misumari mingine minne. Kwa hasira nikajigonga kidole.

Jumatatu, 18 Machi

Mtoto mpole ajabu. Analala tu, hata kunyonya mpaka aamshwe. Nimewaambia majirani ametulia kama marehemu baba yake.

Jumanne, 19 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, sketi yangu imelowa tope mpaka magotini. Niandike yote, nisije nikajidanganya baadaye.

Asubuhi nilikuwa zizini. Nikamwona Judith anatoka mlangoni na mtoto kifuani, kwenye mvua, bila mwavuli, anaelekea barabarani. Mzazi wa siku sita! Nilimkimbilia huku nikipiga kelele. Nilidhani anamtorosha. Nilimshika mkono karibu na mwembe wetu wa barabarani, pale pikipiki zinaposimama, nikaivuta khanga nimchukue mtoto wetu, na hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza kwenye mwanga wa mchana.

Alikuwa wa njano. Si uso tu. Kifua, tumbo, mapaja, mpaka nyayo. Nikamfunua jicho: pale panapotakiwa kuwa peupe palikuwa njano ya manjano yale tunayotia kwenye pilau. Kumbe siku zote hizi chini ya taa ile mbovu sote tulikuwa na rangi moja, na mimi nilikuwa nasema mtoto mpole.

"Hajanyonya tangu alfajiri," Judith akasema. "Mama, sitarudi ndani."

Sikubishana. Kijana wa bodaboda alitupakia wote watatu, tukaanguka mara moja kwenye tope, hatukuumia. Zahanati wakamwangalia kidogo tu wakasema twende hospitali, sasa hivi.

Muuguzi wa wodi ya watoto wachanga anaitwa Felista, mtu wa Bukoba, mwembamba, anatembea haraka. Alimtoa mtoto damu kisiginoni, akaniamkia shikamoo huku anaandika.

"Huyu ni mtoto wa ngapi kwa mama yake?"

"Wa kwanza," nikajibu mimi, kwa sauti, na kwa fahari, Mungu anisamehe. Judith alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga.

"Hakuna aliyetangulia akawa na manjano? Nauliza kwa sababu ikimpata mmoja inaweza kumpata na mwingine, na hapo sisi tunakimbia zaidi."

"Nimekwambia wa kwanza."

"Na baba yake yuko wapi?"

"Baba ni mimi."

Kalamu yake ikasimama. Mwenzake, mwenyeji wa huku, akacheka mpaka akashika meza. "Andika tu, dada. Ndiyo umefika Serengeti, huku wanawake wanaoa."

Kipimo cha unjano kwenye damu kilisoma ishirini na nne. Ikifika ishirini na tano, alisema daktari, huenda tukapelekwa Mwanza mtoto akabadilishwe damu. Nikauliza kubadilishwa vipi. Akasema inatolewa yake kidogo kidogo, inatiwa ya mtu mwingine.

Wamemlaza uchi, nepi tu, macho yamefunikwa kwa kitambaa cheupe, chini ya taa ya rangi ya bluu kali. Felista alinieleza: ule unjano ni takataka za damu ambazo ini la mtoto bado halijaweza kuzitoa, mwanga unaupata kwenye ngozi, unauvunja, anautoa kwa mkojo na choo. Anyonyeshwe kila baada ya saa mbili, halafu arudi kwenye taa. Nikasema basi tungemweka kwenye jua la asubuhi. Akasema jua halitoshi kwa mtoto aliyefika hapa. "Unjano ukizidi, mama, unaingia kwenye ubongo. Ukishaingia hautoki."

Judith alikuwa anaangalia sakafu.

Jumatano, 20 Machi

Nimezunguka korido hii mpaka najua vigae vilivyopasuka. Ishirini na nne tena, haijapanda, haijashuka. Judith hajiwezi, anakamua maziwa analala, anaamka anakamua. Nimemwambia alale, taa nitailinda mimi.

Nami nailinda. Ila mtoto ana baridi, mvua inapuliza dirishani, na kila anayepita wodini anamkodolea macho, mgeni na mwenyeji, mtoto wa watu yuko uchi na macho yamefungwa kama maiti. Sivumilii. Felista akitoka namfunika kwa khanga yangu, tumboni mpaka miguuni. Nikisikia kandambili zake naiondoa. Mtoto akiwa na joto atapona haraka.

Kitanda cha jirani yuko Zilpa, Mjaluo wa upande wa Sirari, mwanawe naye yuko kwenye taa. Ananiangalia.

Alhamisi, 21 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi umeme ulikatika, mvua na radi. Jenereta likachelewa. Taa ya bluu ilizimika na wodi yote ikawa kijivu. Nilisimama katikati ya chumba nikimwomba Mungu kwa Kiswahili na kwa kikwetu. Ulipowaka, wakachukua damu: ishirini na tatu na kitu. Daktari akasema siku mbili za taa zilitakiwa kuishusha zaidi ya hapo. Damu ya Judith ni kundi O na ya mtoto ni A, kwa hiyo zinagombana, alisema, lakini bado haelewi. Jioni wangepima tena. Kama haijashuka, gari la Mwanza. Akatoka na Felista wakiongea kwa sauti ya chini.

Nikamfunika mtoto.

"Ai, mathe," Zilpa akasema. "Si sister alisema ngozi ionwe na taa? Wangu unaona yuko uchi kabisa, na anashuka. Wako unamfungia ndani ya leso kila saa."

"Yako yanakuhusu?"

"Nyasaye wangu! Haya, funika."

Sikujua kwamba Judith ameamka. Alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha maziwa. Akaangalia khanga. Akaniangalia. Kikombe akakiweka chini polepole, halafu akaivuta khanga ile kwa nguvu ikapasuka pindo, akaitupa mlangoni.

"Tangu lini?"

Ni mimi niliyesema, "Sawa, sawa, alikuwa na baridi tu."

"Tangu lini unamfunika?"

"Tangu jana."

Nilitegemea apige kelele. Yeye akakaa kitandani na kuzungumza kwa sauti ile ile ya "sawa mama", na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

"Mama, huyu si wa kwanza. Nina mtoto Genkuru. Anaitwa Ezekiel, ana miaka minne. Alizaliwa mzima, analia vizuri. Siku ya tatu akawa njano, siku ya tano akaacha kunyonya, tukasema mpole. Siku ya sita akajikunja mgongo nyuma, akalia sauti ya paka. Tulipomfikisha hospitali walimweka kwenye taa kama hii, unjano ukaisha, lakini ulikuwa umeshaingia. Hakai. Hasikii. Shingo haishiki. Anajipinda tu. Mama yangu amemweka chumba cha ndani watu wasimwone. Ulipokuja kuniposa wakaniambia nikisema, utaondoka na ng'ombe wako."

Nilisema, "Umenidanganya."

"Nimekudanganya. Na nimekuomba mlango tangu siku ya pili, ukanipigilia misumari."

Felista alikuwa ameshaingia, kaiona khanga sakafuni, kaelewa yote. Alinipasha. Sitaandika alivyonipasha, alikuwa na haki. Ila neno moja nitaliandika: "Mama, mngeniambia Jumanne kuwa kuna kaka yake, ningekaa na mtoto huyu mwenyewe." Akakimbia kumwita daktari. Wakaongeza taa ya pili ubavuni, wakanihamishia mimi kwenye benchi la nje, kama mbwa aliyeiba nyama.

Jioni: ishirini na moja. Gari la Mwanza halikuitwa.

Ijumaa, 22 Machi

Kumi na nane.

Nimekaa nje na hasira ya pande mbili. Nikimfikiria Judith nachemka: nimetoa ng'ombe, nimekula kiapo mbele ya wazee, nimebishana na kanisa, kumbe nafichwa. Nikifikiria misumari kumi natamani ardhi inimeze. Hasira ya kwanza ndiyo rahisi, kwa hiyo nimeishika hiyo. Nilimpigia Nyamhanga simu nikamwambia yote. Nilishajuta kabla hajajibu.

"Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, shemeji. Mrudishe. Dai ng'ombe. Tumbo hilo linazaa vilema."

Jumamosi, 23 Machi

Kumi na nne. Mtoto amelia, kilio kizito cha njaa. Zilpa ameruhusiwa. Ameniachia sabuni na ndizi. Nimeona aibu.

Jumatatu, 25 Machi

Kumi. Tumeruhusiwa. Felista anasema hatujui kama ubongo umeguswa mpaka akue. Masikio yapimwe akiwa na miezi mitatu. Kwa hiyo tumepewa mtoto na tumepewa kungoja. Mimi kungoja sikuwezi.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Nyamhanga amekuja na wazee wawili bila kualikwa. Anataka msichana arudi Genkuru na mtoto wake kabla ya palizi ya pili. Anaongea kwa huruma sana. Macho yake yako kwenye shamba langu la korongoni. Nimesema nitafikiri. Judith alikuwa jikoni anasikia kila neno, na ugali wake uliungua kidogo.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua tu. Niko, ndiyo Nikolaus mdogo, nampigia makofi nyuma ya kichwa nijue kama anasikia, asubuhi, mchana, jioni. Mara ananyamaza, mara haonyeshi kitu. Sijui anasikia au anahisi upepo wa mikono yangu. Na Judith tunasalimiana tu.

Jumatatu, 15 Aprili

Leo nilidondosha kifuniko cha sufuria kwa bahati mbaya. Niko akashtuka, mikono yote juu, akalia! Nikakidondosha tena. Akalia tena. Nikakidondosha mara ya tatu, na Judith akaja akakichukua mkononi mwangu. "Inatosha, mama. Amesikia." Tulicheka wote wawili. Halafu akaacha kucheka kwa ghafla, akaenda kusimama mlangoni na kuangalia upande wa Genkuru.

Nikajua anachofikiri. Yule mwingine, kifuniko kikidondoka hageuki.

Ijumaa, 19 Aprili

Sikulala vizuri na leo sikukaa. Nimepalia, nimefua, nimefagia uwanja uliokuwa safi. Mwisho nikachukua koleo, nikaingia chumbani kwao, nikang'oa misumari mmoja mmoja. Kumi. Mmoja ulikatika, kipande kimebaki ukutani. Gunia nimelitoa, na mwanga ulioingia ulionyesha vumbi, utando wa buibui, na Judith aliyekonda kuliko nilivyojua.

Nikamwambia, "Uliniomba mlango siku mbili. Ningekusikiliza siku ya kwanza, mtoto huyu asingefika ishirini na nne. Nimekukosea, Judith. Kubwa."

Akasema, "Sawa mama," na safari hii ilinichoma.

"Kesho twende Genkuru."

Akashika ukuta. "Unanirudisha?"

"Twende, nimesema."

Ningemwambia sawasawa. Lakini nilikuwa bado sijajua mwenyewe kama nitaweza nikimwona mtoto. Nilitaka nione kwanza.

Jumamosi, 20 Aprili

Tulivuka Mara saa nne, Niko mgongoni kwa Judith, maji mekundu yamejaa. Judith alifunga nguo zake zote kwenye mfuko. Nikamwambia zote za nini, akaupandisha mfuko begani.

Mama yake, Kezia, anaponda mawe ya wachimbaji wadogo. Tulimkuta uani, nyundo mkononi, vumbi mpaka kwenye kope. Aliuona mfuko wa mwanawe, akaiacha nyundo.

"Karibu, mkwe," akaniambia. Kimila mimi ni mwanamume aliyemwolea binti, basi anainamisha macho mbele yangu. "Ng'ombe wawili walishauzwa. Waliobaki wapo."

"Sikuja kwa ng'ombe. Mtoto yuko wapi?"

Hakuuliza mtoto gani. Alinipeleka chumba cha ndani. Dirishani amening'iniza kitenge kizito. Sikuwa na la kumlaumu, langu lilikuwa gunia na misumari. Nikakivuta pembeni.

Ezekiel alikuwa amelala kwenye mkeka, amejipinda, vidole vinacheza hewani peke yake. Mrefu kuliko nilivyodhani. Msafi; nguo imefuliwa, nywele zimenyolewa juzi. Mwanga ulipompata usoni akacheka. Alicheka mdomo wote, meno ya mbele yamelika, macho yanahangaika upande upande kutafuta umetoka wapi. Judith alipiga magoti akamshika miguu na kulia kwa sauti, kilio cha mwaka mzima.

Nami nililia. Nisiandike uongo. Nilililia taa ile mbovu yangu, na siku ile niliyosema mpole.

"Nani anambeba?" nikauliza.

"Mimi, alipokuwa mwepesi," Kezia akasema. "Sasa ananishinda mgongo."

"Wangu bado mzima. Nipe khanga, ile pana."

Kezia hakuelewa. Judith alielewa kwanza. Aliniangalia vile alivyokuwa akimwangalia Niko kwenye upenyo, kama anayetafuta rangi ya kweli. Halafu akafuta uso, akaja kunifunga khanga mwenyewe, akapitisha ya pili kwenye shingo ya mtoto ili kichwa kisianguke. "Umshike hapa, mama. Hivi. Akijipinda usimvute, mngoje."

Tukavuka Mara watu wanne.

Jumapili, 28 Aprili

Nyamhanga amekuja kwa hasira, peke yake. Kijiji kizima kimeona. "Umeleta kilema cha watu wengine kwenye boma la kaka yangu?"

Nikamletea uji. Nikamletea na daftari hili, ukurasa wa tarehe 4 Machi, nikamsomea: Ng'ombe wakishaingia kwa wakwe, alichozaa msichana ni cha nyumba yako. Hatuulizi kimetoka wapi.

"Nilisema atakachozaa."

"Ulisema alichozaa. Na mbele ya wazee ulisema hivyo hivyo, niwaite?"

Uji hakumaliza. Mtaro wa mpaka wa korongoni nimeanza kuuchimba upya, asubuhi kabla ya jua kali.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua zinaelekea kuisha. Ezekiel anakaa uwanjani kwenye kiti tulichomtengenezea kwa ubao na mito, na kuku wanamjua. Hula polepole, nusu saa kwa bakuli moja. Mimi nisiyejua kungoja namlisha mimi.

Jumatano, 12 Juni

Hospitali. Jua kali, mahindi yameanza kukauka, njia yote vumbi. Judith amembeba Niko, mimi nimembeba Ezekiel. Felista alikuwa hana nafasi, foleni mpaka nje, hakuinua hata kichwa. Alitikisa kopo la punje nyuma ya sikio la kulia la Niko. Akageuka. La kushoto. Akageuka. Akamshika shingo, akamwinua mikono, akamulika macho.

"Huyu amepona," akasema, na Judith akakaa chini pale pale sakafuni.

Felista akavuta kadi mpya, ile ya zamani ililowa. Akauliza huku anaandika, kwa haraka, kama anavyowauliza wote.

"Mtoto wa kwanza?"

Judith alifungua mdomo. Safari hii nikanyamaza nimwachie.

"Wa pili," akasema. "Wa kwanza ni yule, mgongoni kwa baba yake."

Felista akainua kichwa. Nikageuka amwone.